Trekta la zamani halipigi stata: fuata njia ya umeme kabla hujaifungua stata yenyewe

Masika ikikaribia huku Tanga, kuanzia Mkinga mpaka Muheza mpaka Pangani, simu za mafundi zinakuwa na kesi moja tu. Trekta limekaa chini ya mwembe tangu vuli, leo mwenye shamba anataka kulima, dereva anazungusha ufunguo, kimya, au linatoa "ka!" moja alafu basi. Na hapo hapo kuna mtu ameshashika spana anataka kuifungua stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini iwake, aikimbize Ngamiani, Tanga mjini, kwa fundi umeme.

Subiri kwanza mkuu. Haya matrekta ya zamani, Massey Ferguson 135, 165, 240, 290, Ford 5000 na wenzake, stata zake ni ngumu kufa kuliko watu wanavyodhani. Kinachokufa mara nyingi ni kile kilicho kati ya betri na stata, yaani taminali, waya, ethi (waya wa betri unaokwenda kwenye chuma cha bodi), swichi. Sasa ukiifungua stata ikaenda mjini ikabadilishwa kaboni (vile vipande vinavyosugua na kupeleka umeme ndani ya stata), ikirudi unakuta trekta ni lile lile na "ka!" ni ile ile, kwasababu ugonjwa haukuwa huko, na hela imeshakwenda. Na sisi watu wa pwani tuna adui ambaye mtu wa Dodoma hamjui, hewa ya chumvi, inaingia kwenye waya wa kopa ndani kabisa chini ya plastiki, kwa nje waya unaonekana mzima kumbe ndani umeshakuwa unga wa kijani.

Kwahiyo hapa tunaanza kwenye betri tunatembea na umeme mpaka stata, na stata yenyewe tunaigusa mwisho.

Usiliwashe kwa bisibisi ukiwa umesimama chini

Naiweka hii mwanzo kwa makusudi kabisa. Ufunguo ukigoma dereva anashuka, anachukua bisibisi kubwa, anasimama mbele ya tairi kubwa la nyuma, anagusisha bolti mbili za stata. Na kweli inapiga. Shida ni kwamba umeme huo umeruka swichi ya usalama, ile inayozuia trekta lisiwake likiwa kwenye gia. Kama gia imeingia na wewe hujui, trekta la dizeli halishtuki na kuzima kama gari dogo, linawaka kwa mzunguko mmoja tu na linaanza kutembea muda huo huo kwasababu gia zake ni nzito na zina nguvu, na tairi la nyuma linakukuta umesimama pale pale. Watu wanakufa hivi, sio hapa tu, dunia nzima, na wengi ni watu wenye uzoefu wa miaka.

Kwahiyo kila kipimo humu kinafanyika hivi: gia iko fri, ile lever ya hai na lo nayo iko katikati, pi-ti-o (shafti ya nyuma inayoendesha mashine) imezimwa, hendibreki imefungwa, jembe limeshushwa chini kwenye udongo, mawe mawili yamewekwa kwenye tairi, na mtu wa kuzungusha ufunguo amekaa kwenye siti. Vuta na stopa kabisa ili dizeli isiende, injini izunguke bila kuwaka, hii inakusaidia pia kupima kwa utulivu. Ukitaka lazima upige stata ukiwa pembeni, tengeneza swichi ya kubonyeza yenye waya mrefu, usimame pembeni mbali na matairi, sio katikati ya tairi la mbele na la nyuma. Na hiyo nayo inaruka swichi ya usalama, kwahiyo hakikisha fri kwa mkono wako mwenyewe, usimuulize dereva.

Kingine, betri inayochajiwa inatoa hewa ya haidrojeni, na hiyo inalipuka. Sigara mbali, cheche mbali, na usivae pete ya chuma wala saa ya mkanda wa chuma unapofungua taminali.

Vifaa

Multimita ya bei ndogo, ile ya njano inayouzwa kila mahali, inatosha sana. Taa ya majaribio, unatengeneza mwenyewe, balbu ya indiketa ya wati 21 unaiungia waya mbili. Brashi ya waya, msasa, grisi au mafuta ya mgando. Spana za milimita na za inchi zote mbili, mana Massey za zamani bolti nyingi ni za inchi, ukilazimisha 13 kwenye bolti ya nusu inchi unaweza kuila kichwa. Na mtu mmoja wa kukusaidia ambaye anasikia ukimwambia acha anaacha.

Sikiliza linasemaje

Mlio unakupa nusu ya jibu kabla hujafungua chochote, kwahiyo zima redio ya simu, wafukuze watoto wanaoshangaa, alafu mwambie dereva azungushe.

Kimya kabisa, hata "ka" hakuna: umeme haufiki kwenye solenoidi, ile swichi ya sumaku inayopitisha umeme mzito kwenda kwenye mota ya stata. Betri imekufa kabisa, au taminali imeachia, au swichi ya ufunguo, au swichi ya usalama, au waya mdogo umekatika. Panya pia wanahusika hapa, trekta likikaa karibu na ghala la mahindi wanakula waya vizuri tu.

"Ka-ka-ka-ka-ka" ya haraka haraka: solenoidi inashika inaachia, umeme ni mdogo. Karibu kila mara hii ni betri kuisha au taminali chafu. Usifungue stata kwa mlio huu, nakuomba.

"Ka!" moja nzito alafu kimya: solenoidi imeshika lakini mota haizunguki. Hapa inaweza kuwa betri, inaweza kuwa ethi, inaweza kuwa kontakti za ndani ya solenoidi zimeungua, kaboni zimeisha, au injini yenyewe imejam. Ndio mlio unaosumbua zaidi na ndio sehemu kubwa ya maelezo ya huko chini.

Linazunguka pole pole kama linabembelezwa: umeme unapotea njiani, au bushi za stata zimekwisha, amecha (sehemu ya ndani inayozunguka) inasugua pembeni.

Mlio mwembamba wa "wiiii", mota inazunguka lakini injini imetulia: bendeksi, ile giya ndogo ya stata inayoshika flaiwili. Na ule wa kukwaruza "krrrr" unaouma masikio ni meno, ya bendeksi au ya ringi giya kwenye flaiwili, au bolti za stata zimelegea, anza na bolti.

Kuna mmoja wa hatari, stata inaendelea kupiga hata ukitoa ufunguo. Kontakti zimegandana. Hapo hakuna kufikiri, chomoa taminali ya betri haraka, kwahiyo siku zote spana ya taminali ikae karibu na betri sio chini ya siti.

Jaribio la taa, halihitaji multimita

Washa taa kubwa za mbele, muone mwanga wake, alafu mwambie dereva apige stata huku unaangalia taa.

Taa zikizima au zikafifia kabisa kuwa nyekundu, betri haina kitu au taminali za betri hazishiki. Taa zikibaki na mwanga ule ule kana kwamba hakuna kilichotokea na stata kimya, umeme haujaondoka kwenda stata kabisa, shida iko kwenye ufunguo, swichi ya usalama, waya mdogo au solenoidi. Taa zikififia kiasi na kuna "ka!" moja lakini haizunguki, basi umeme unakwenda lakini kuna kitu kimejam, stata au injini. Kama trekta lako halina taa, na mengi hayana, ungia ile balbu yako moja kwa moja kwenye pozitivu na negativu ya betri, itafanya kazi hiyo hiyo.

Betri

Pima betri ikiwa imepumzika, sio imetoka kuchajiwa sasa hivi. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki kama robo, chini ya hapo usijidanganye, ichaji kwanza ndio uendelee na vipimo vingine, mana kupima waya kwa betri iliyolala ni kujichanganya.

Lakini volti za kupumzika zinaweza kukudanganya. Betri iliyochoka inasoma 12.6 vizuri kabisa, ukiipa kazi inaanguka. Kwahiyo kipimo chenyewe ni hiki, weka nyaya za multimita kwenye nguzo zenyewe za betri, sio kwenye taminali, stopa imevutwa, piga stata kwa sekunde kama 5. Isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka mpaka 7 au 6 betri imechoka, au stata inakula umeme kupita kiasi kwasababu imejam. Azima betri nzima ujaribu nayo, utajua ni ipi kati ya hizo mbili.

Kwa betri za kuongeza maji, fungua vifuniko, maji yafunike plates zote. Ongeza maji yaliyosafishwa ya betri, sio ya kisima, maji ya kisima ya huku kwetu pwani yana chumvi na yanaua betri. Na usiongeze asidi kwa kufikiri unaipa nguvu.

Ukubwa: ya silinda 3 kama 135 au 240 unaweza kuiwasha kwa N70 ikiwa nzima, lakini ya silinda 4 weka N100, kuhangaika na betri ya pikapu kwenye 290 ni kuitafutia stata matatizo.

Kitu kimoja cha kuangalia kabla hujafunga betri yoyote, baadhi ya matrekta ya Uingereza ya zamani sana yenye dainamo, pozitivu ndiyo inayokwenda bodi, sio negativu. Angalia waya wa bodi unatoka wapi, usifunge kwa mazoea. Na kama mtu alishaweka alteneta juu ya trekta la namna hiyo, basi atakuwa alishageuza, alteneta nyingi zinataka negativu iende bodi na ukikosea zinaungua diodi hapo hapo.

Waya na ethi, hapa ndipo kesi nyingi zinaishia

Stata ya dizeli inapozungusha injini inakula ampia mamia, 200, 300, na mwanzo kabisa inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo. Ampia nyingi hivyo zikikutana na taminali yenye ukoko mweupe, hata ukoko mwembamba tu, volti zinaishia pale kwenye ukoko. Taa inawaka vizuri mana taa inahitaji ampia chache, honi inalia, kila mtu anasema betri nzima, stata ndio mbovu. Ni kama bomba la maji lenye tope ndani, kikombe kinajaa lakini huwezi kumwagilia shamba.

Fungua taminali zote mbili, anza na ile ya bodi. Suuza kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, yasiingie ndani ya betri, alafu sugua nguzo na ndani ya taminali mpaka ing'ae. Kaza, ndio upake grisi juu. Grisi inakuja baada ya kukaza, sio kabla. Zile taminali za kubanwa na waya wa kufungia na kipande cha mkebe tupa kabisa.

Alafu pima volti zinazopotea, hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote mana hakina ubishi:

Waya mmoja wa multimita kwenye nguzo ya pozitivu ya betri, mwingine kwenye bolti kubwa ya solenoidi inapoingilia waya wa betri. Piga stata. Inatakiwa isome chini ya 0.5. Ikisoma volti 2 maana yake volti 2 zimeliwa na huo waya, hazijafika.

Alafu negativu ya betri na bodi ya stata yenyewe, pale kwenye chuma kisicho na rangi. Piga stata. Iwe chini ya 0.3. Hapa ndipo Tanga tunapopigwa. Waya wa ethi umefungwa kwenye chasisi juu ya rangi na kutu, fundi wa mwisho aliyebadilisha klachi hakuusugua, akaukaza tu. Suluhisho langu kwa matrekta ya pwani ni kuweka waya wa ethi unaokwenda moja kwa moja kwenye bolti inayofunga stata. Umeme hauhitaji tena kupita kwenye rangi na vumbi la nusu trekta.

Huna multimita? Piga stata kwa sekunde 10, zima, alafu shika kila maungio kwa mkono, taminali zote, bolti ya ethi, bolti za solenoidi. Lile lililopata moto ndilo linalokula umeme. Njia hii mafundi wazee wanaitumia na haijawahi kupitwa na wakati, ila shika taratibu kwanza kwa mgongo wa vidole mana taminali mbovu inaunguza kweli kweli.

Waya ukiwa mgumu ukiukunja, au ukisikia kama unakwaruza ndani, chuna kidogo mwishoni uangalie rangi ya kopa. Kijani au nyeusi, badili wote, usikate mwisho tu ukafunga tena, kutu ya chumvi inatembea ndani. Unene usipungue milimita za mraba 50, na kama betri iko mbali weka 70. Waya wa mashine ya kuchomelea ni mzuri, laini na mnene, ila vichwa vyake vibanwe kwa mashine ya kubania au vichomwe risasi vizuri, sio kupigwa nyundo.

Njia ndogo: ufunguo, swichi ya usalama, waya wa solenoidi

Hii ni kwa wale wenye kesi ya kimya kabisa. Kwenye solenoidi kuna bolti mbili kubwa na taminali moja ndogo (zingine zina mbili ndogo). Waya wa taa ya majaribio mmoja kwenye hiyo taminali ndogo, mwingine kwenye bodi. Dereva azungushe ufunguo akiwa kwenye siti.

Taa ikiwaka vizuri na solenoidi kimya, solenoidi imekufa au haina ethi. Taa isipowaka rudi nyuma, pima kwenye swichi ya usalama, umeme unaingia? unatoka? Kama unaingia hautoki, tikisa lever ya gia huku dereva ameshika ufunguo, mara nyingi swichi ni nzima ila lever haiibonyezi sawasawa kwasababu ya kulegea. Kwenye trekta lenye swichi ya klachi, kanyaga klachi mpaka mwisho kabla hujaanza kutafuta makosa. Na usiiunganishe swichi ya usalama moja kwa moja ukaiacha hivyo, najua nusu ya matrekta ya kukodisha yako hivyo, lakini nimeshaeleza juu kwanini. Kama imekufa nunua nyingine.

Taa ikiwaka kwa kufifia, ufunguo umechoka. Pima, ikiwa taminali ndogo inapata chini ya volti 10 hivi wakati wa kupiga, solenoidi itashika kwa uvivu na kontakti zake zitaungua mapema. Dawa ya kudumu ni rilei ya ampia 40 au zaidi, umeme mzito unatoka betri kupitia rilei kwenda solenoidi kwa waya wa milimita 4 za mraba, ufunguo unabaki kuamsha rilei tu. Rilei uianzie baada ya swichi ya usalama, isiiruke.

Solenoidi inasema "ka!" na mota imelala

Betri nzima, waya safi, ethi safi. Sasa pima kati ya zile bolti mbili kubwa za solenoidi. Kabla ya kupiga utaona volti 12 hivi. Dereva azungushe, ukisikia "ka!" volti zishuke karibu na sifuri, chini ya 0.3. Zikibaki 12 wakati imeshashika, kontakti za ndani zimeungua, umeme hauvuki. Solenoidi nyingi za zamani zinafunguka, ndani kuna sahani ya kopa na vichwa viwili vya bolti, sugua, na kama sahani imechimbika upande mmoja igeuze upande wa pili, inakupa msimu mwingine. Solenoidi za kisasa zilizofungwa kabisa unabadili.

Zikishuka karibu sifuri na mota bado imelala, sasa ndio tuhuma zimefika kwa stata au injini.

Injini kwanza. Weka spana kwenye nati ya puli ya krenki, zungusha kwa mkono, ufunguo umetolewa na betri imechomolewa. Itakuwa nzito sehemu za kompresheni lakini lazima izunguke. Ikigoma kabisa mahali pamoja usiilazimishe na wala usiombe trekta jingine livute. Inawezekana maji yameingia kwenye silinda kupitia gasketi ya silinda hedi, au mvua imeingia kwenye ekzosi, bomba la kusimama bila kikombe juu, masika nzima, unategemea nini. Maji hayabanwi, ukilazimisha unapinda koni rodi. Fungua nozo zote, zungusha taratibu, maji yatoke.

Kuifungua stata yenyewe

Haya sasa fungua. Chomoa ethi ya betri kwanza, piga picha ya waya kwa simu kabla hujagusa, na kumbuka stata hizi ni nzito, mtu alale chini ajue inakuja.

Kabla ya kuipeleka popote chungulia kwenye tundu pale stata ilipotoka, angalia meno ya ringi giya, zungusha injini kwa mkono uangalie duara lote. Meno hayaliki sawasawa, injini ya silinda 4 inapozima inasimama kwenye sehemu mbili zile zile, ya silinda 3 sehemu tatu, kwahiyo bendeksi inakula pale pale kila siku. Ndio mana kuna matrekta "yanakwaruza" leo, ukizungusha kidogo kwa mkono linapiga vizuri, kesho tena.

Kaboni: kila moja iteleze bila kukwama kwenye nyumba yake na springi iisukume. Kwenye zile stata za Lucas za Massey zikifika milimita 8 hivi badili zote nne, sio moja. Nyingi zimechomwa risasi, kwahiyo unahitaji chuma kizito cha kuchomea risasi, kile kidogo cha redio hakitoshi.

Komyuteta (vile vipande vya kopa kwenye amecha ambapo kaboni zinasugua): isugue kwa msasa laini wa kawaida wa mbao, sio msasa wa chuma ule mweusi, mana chembe zake zinaweza kupitisha umeme na zikabaki katikati ya vipande. Na fundi asiichimbe mika (kizuia umeme) katikati ya vipande kama anavyofanya kwenye dainamo, stata hizi haitakiwi.

Bushi: ukiona amecha ina michubuko ya kung'aa pembeni, imekuwa ikisugua pole shuzi (vyuma vya sumaku vilivyoizunguka), bushi zimekwisha. Bushi halisi ni za shaba yenye vitundu vidogo vya kunywa oili, ziloweke kwenye oili nyepesi ya injini saa 24 ndio uzipige. Zile za kuchongwa tu kutoka kwenye shaba ngumu hazinywi oili, zitakufikisha mwisho wa msimu lakini usizitegemee sana.

Bendeksi, hapa watu wanachanganya. Kuna ya zamani inayorushwa na mzunguko wenyewe, ile yenye springi kubwa na nyuzi, hiyo inakwama kwa vumbi, ioshe kwa mafuta ya taa ikauke, usipake grisi, grisi inakamata vumbi la klachi inaganda tena. Na kuna ile inayosukumwa na solenoidi kwa uma, yenye klachi ndani, hiyo kinyume chake, usiiloweke kwenye mafuta ya taa wala petroli, unaosha grisi yake ya ndani na inaanza kuteleza. Ishike kwa mkono, izungushe, upande mmoja izunguke huru, upande wa pili ishike na amecha. Ikiteleza pande zote nunua nyingine, haitengenezeki.

Ukiijaribu chini kwa betri, ibane kwenye jiliwa la fundi au ifungie, usiikanyage kwa mguu, inaruka. Na ikizunguka kwa kelele nzuri pale chini usishangilie bado, kuzunguka bila mzigo kila stata inaweza, kazi ni kwenye injini.

Kurudisha, sugua pale stata inapokaa na uso wa stata unaoshika pale, hiyo nayo ni ethi. Rangi mpya ya kupendezesha usipake sehemu hiyo, nimeona stata imetoka kutengenezwa inang'aa kwa rangi ya bluu mpaka kwenye mdomo na haipigi kwasababu hiyo tu.

Likishawaka

Usipige stata zaidi ya sekunde 15 mfululizo, pumzisha dakika 2, inapata moto haraka sana. Na likipiga kwa nguvu lakini haliwaki hiyo sio kesi ya stata tena, ni dizeli, upepo kwenye pampu au filta, usiue betri bure. Kitufe cha joto kwenye injini ya Perkins, kwa Lushoto kwenye baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba, sawa kishike, huku chini Tanga mjini au Pangani unakula tu umeme wa kuwashia.

Injini ikiwa inanguruma kwa mwendo wa kati pima betri tena. Isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikisoma 12.3 alteneta au dainamo haichaji, na kesho asubuhi utarudi kwenye "ka-ka-ka-ka". Ikipita 15 regyuleta imeharibika na inakausha maji ya betri. Kama trekta litakaa mpaka msimu ujao, weka swichi kubwa ya kukata umeme kwenye waya wa ethi, na ichaji betri mara moja kwa mwezi, ikae kwenye kivuli ndani sio kwenye trekta linalopigwa na upepo wa bahari.